Mzigo wa Lugha: Usuli wa Kihistoria wa Mitazamo ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu kuhusu Kujifunza Lugha za Kigeni za Kitaaluma kwa Njia ya Mtandao katika Njombe na Makambako

IKISIRI

Insha hii inachunguza usuli wa kihistoria wa mitazamo ya wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu kujifunza lugha za kigeni za kitaaluma kwa njia ya mtandao katika miji ya Njombe na Makambako, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba mtazamo wa mwanafunzi hauelezeki kikamilifu kwa kutazama kifaa anachotumia au mapenzi yake kwa lugha husika. Unaelezeka vizuri zaidi kwa kuuliza swali la kihistoria: kila ilipoletwa kazi ya wageni katika eneo hili, nani alibeba mzigo wa kujifunza lugha ya mwenzake, na baada ya kazi hiyo kwisha lugha ile ilimfaa nani? Kwa kupitia vipindi vya misheni na utawala wa kikoloni, ujenzi wa reli ya TAZARA, elimu kwa njia ya posta na redio, na ujio wa mkongo wa mawasiliano, insha inaonesha kuwa mzigo huo umehama hatua kwa hatua kutoka kwa mgeni na taasisi hadi kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Kinachoitwa mtazamo hasi mara nyingi ni hesabu ya busara inayotokana na uzoefu huo.

1.0 Utangulizi

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo ndipo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapoachana na barabara ya kwenda Njombe na Songea, na hapo ndipo reli ya TAZARA inapofika baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero. Njombe, umbali wa takribani kilomita 60 kusini, ni makao makuu ya mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Mkoa huo unajulikana kwa chai, mbao, viazi mviringo na, katika miaka ya karibuni, parachichi la kuuzwa nje. Miji hii miwili si ya pembezoni kama inavyodhaniwa na msomaji wa ramani. Kwa zaidi ya karne moja imepokea watu wenye lugha zao na kazi zao: Wajerumani wa Misheni ya Berlin, Waingereza wa utawala na wa mashamba, Waitaliano wa misheni ya Kikatoliki, na Wachina wa reli.

Hata hivyo, mijadala mingi kuhusu ujifunzaji wa lugha mtandaoni huanzia kwenye simu janja na kuishia kwenye bando. Mwanafunzi huulizwa kama anapenda au hapendi, majibu hugeuzwa asilimia, kisha hutolewa mapendekezo kuhusu kompyuta na kasi ya intaneti. Mapendekezo hayo ni ya lazima, lakini yanaacha swali moja bila jibu. Kwa nini mwanafunzi anayekiri kuwa Kichina au Kifaransa kitamfaa huanza masomo kwa ari, kisha akayaacha kabla ya kufikia kiwango cha kukitumia kazini? Jibu linalotolewa haraka ni uvivu au ukosefu wa motisha. Insha hii inadai kuwa jibu hilo si la haki, na kwamba historia ya eneo ina jibu lililo bora zaidi.

2.0 Mkabala na Istilahi

Katika insha hii, lugha ya kigeni ya kitaaluma ni lugha ya kigeni inayofundishwa kwa ajili ya kazi mahususi, kama vile Kichina cha reli, Kiingereza cha sheria au Kifaransa cha utalii. Hutchinson na Waters (1987) waliweka msingi wa fani hii waliposisitiza kuwa ufundishaji wa aina hiyo huanza na mahitaji ya mjifunzaji. Gardner na Lambert (1972) walitofautisha motisha ya kujumuika na wenye lugha na motisha ya kutumia lugha kama chombo. Davis (1989), akizungumzia teknolojia, alieleza kuwa mtu huikubali zana mpya kwa kadiri anavyoiona kuwa na manufaa na kuwa rahisi kuitumia. Moore (1993) aliongeza kuwa umbali katika elimu masafa haupimwi kwa kilomita pekee. Hupimwa pia kwa uhaba wa majadiliano kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Nadharia hizi zina upungufu mmoja wa pamoja, kwani humwona mwanafunzi kama mtu anayeanza leo. Mwanahistoria humwona kama mrithi. Manufaa anayoyaona katika lugha ameyapima kwa kutazama yaliyowapata waliojifunza kabla yake. Kwa hiyo, insha haitumii takwimu za hojaji. Inasoma mitazamo kupitia mpangilio wa mambo uliojirudia: nani alijifunza lugha ya nani, kwa gharama ya nani, na kwa muda gani.

3.0 Misheni na Ofisi: Kutoka Mgeni Anayejifunza hadi Karani Anayejifunza

Wamisionari wa Misheni ya Berlin waliingia Ubena na Ukinga katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakafungua vituo vikiwemo Kidugala, Lupembe na Yakobi. Katika Vita vya Maji Maji, Septemba 1905, kituo cha Yakobi kilishambuliwa, jambo linaloonesha kuwa uhusiano wa wageni na wenyeji haukuwa wa maelewano matupu. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, mpangilio wa misheni ulikuwa na sura ya pekee. Aliyelazimika kujifunza kwanza alikuwa mgeni. Mmisionari aliyetaka kuhubiri alijifunza Kibena au Kikinga, akaandika maneno, akatunga sarufi na kutafsiri maandiko. Kijerumani hakikuwa lugha ya kanisa wala ya darasa la kijiji. Utawala wa Kijerumani nao uliendesha shughuli zake nyingi kwa Kiswahili, na Kijerumani kikabaki kwa wachache.

Matokeo yake ni kwamba vizazi vya kwanza vya wasomi wa eneo hili vilipata kusoma na kuandika bila kulazimika kuvuka mto wa lugha ya Ulaya. Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena vita vya pili vilipozuka, elimu ile haikuondoka nao, kwa kuwa ilikuwa imekaa katika lugha za wenyeji na katika Kiswahili.

Utawala wa Kiingereza ulibadilisha mpangilio huo. Elimu ya msingi iliendeshwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawekwa ngazi za juu kama mlango wa kuingilia ofisini. Mzigo ulihamia kwa mwenyeji, lakini ulikuja na malipo yanayoonekana: aliyekijua Kiingereza akawa karani, mkalimani wa baraza au mwalimu. Ilipoanzishwa kampuni ya miwati ya TANWAT mjini Njombe mwaka 1949, kwa mtaji wa shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza, tofauti hiyo ilionekana shambani na kiwandani. Msimamizi alisoma maelekezo ya mitambo kwa Kiingereza, na mkata magome akapokea amri kwa Kiswahili. Kwa wilaya ambayo kwa miaka mingi ilitoa vijana kwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, somo halikuhitaji mwalimu wa kulieleza. Lugha ya kigeni ilikuwa mpaka kati ya anayetuma na anayetumwa.

Hapa ndipo mizizi ya mtazamo wa kwanza ilipo. Lugha ya kigeni inathaminiwa sana katika eneo hili, na thamani hiyo ni ya chombo zaidi kuliko ya kujumuika. Aliyekitafuta Kiingereza hakukusudia kuwa Mwingereza. Alikusudia kuondoka upande wa anayetumwa.

4.0 Reli ya Uhuru na Lugha Iliyobaki Kambini

Mkataba wa kujenga reli kati ya Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Gharama ililipwa kwa mkopo wa China usio na riba. Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka bondeni kupitia milima kwa madaraja na mahandaki mengi. Vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini waliajiriwa katika vikosi vya kazi, na Makambako, iliyopata stesheni na kambi, ilianza kukua kuwa mji.

Kilugha, reli ilikuwa tukio la ajabu. China ilikuwa imejiandaa kwa Kiswahili mapema: Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vilianza kufundisha Kiswahili katika miaka hiyohiyo. Wakalimani walikuwepo, lakini hawakutosha kila kikosi. Monson (2009), katika utafiti wake wa historia ya reli hii, anaonesha namna kazi ilivyofundishwa kwa kuoneshana: fundi wa Kichina alishika chombo, akatenda, na kijana wa Kitanzania akarudia. Maneno machache ya Kiswahili yaliyokatwakatwa, ishara za mikono na mfano wa kazi yenyewe vilitosha kulaza mataruma na kufunga reli.

Utaratibu huo ulikuwa na heshima yake. Fundi hakusimama juu ya tuta akitoa amri. Alishuka akafanya. Lakini ulikuwa na mpaka wake pia. Kuoneshana kunafundisha mkono jinsi ya kutenda, ila hakumpi mtu uwezo wa kusoma mchoro, kitabu cha matengenezo au jedwali la vipuri. Ujuzi wa ngazi hiyo ulihitaji lugha, na kwa ajili yake China na nchi hizi mbili zilichukua njia nyingine. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing katika chuo kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing. Walianza kwa kujifunza Kichina, kisha wakasomea uendeshaji wa treni, mitambo, mawasiliano, ishara na ujenzi wa njia. Walihitimu mwaka 1975, wakati reli ilipokuwa inakamilika.

Kundi hilo ndilo mfano wa kwanza mkubwa wa wanafunzi wa eneo la reli waliojifunza lugha ya kigeni kwa lengo mahususi la kitaaluma. Masharti yao yanafaa kuorodheshwa. Masomo yaligharimiwa na serikali. Lugha ilifundishwa ana kwa ana, katika nchi inapozungumzwa, na kwa muda wote wa mwanafunzi. Kazi ilikuwa ikiwasubiri kabla hawajaondoka. Mzigo wa lugha ulibebwa na mwanafunzi, lakini taasisi tatu zilimshika mkono: serikali yake, chuo kilichompokea na mamlaka ya reli iliyomwajiri.

Lililofuata ndilo lenye funzo zito zaidi. Mamlaka ya reli ilikuwa ya nchi mbili, na lugha yake ya pamoja ya kiofisi ilikuwa Kiingereza. Vichwa vya treni vya awali, vilivyoundwa China, vilianza kusumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vililetwa vichwa vya aina ya U30C, vilivyosanifiwa Marekani na kuundwa Ujerumani. Kichwa cha treni kinapobadilika, lugha ya kitabu chake hubadilika pia. Fundi aliyesoma Kichina kwa ajili ya mashine moja alijikuta mbele ya mashine nyingine inayozungumza lugha tofauti. Kichina hakikupotea, kwani wataalamu wa Kichina waliendelea kushirikishwa katika uendeshaji, lakini thamani yake ilishuka kutoka lugha ya kazi ya kila siku hadi lugha ya ujumbe na mikutano.

Mizizi ya mtazamo wa pili ilianzia hapo. Lugha ya kitaaluma huja na mradi, na inaweza kuondoka pamoja na mradi. Anayeijifunza huweka dhamana miaka yake, na riba ya dhamana hiyo haiko mikononi mwake.

5.0 Posta, Redio na Chuo Kikuu Huria

Wakati reli ikijengwa, Tanzania ilikuwa ikijenga pia mfumo wa kujifunza kwa mbali. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo kwa njia ya posta mwaka 1972. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza, kusoma kijitabu na kutekeleza. Mambo mawili ya kampeni hiyo yanahusiana moja kwa moja na mada hii. Kwanza, lugha ilikuwa Kiswahili. Pili, teknolojia ya mbali haikumwacha msikilizaji peke yake: kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na mjadala ulifanyika chini ya paa moja. Kwa istilahi ya Moore, kilomita zilikuwa nyingi lakini umbali wa kielimu ulikuwa mfupi.

Kiingereza, kwa upande wake, kilikuwa katika hali tofauti. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionesha kuwa viwango vya Kiingereza katika shule za sekondari na hata vyuoni vilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo. Rubagumya (1990) na wenzake waliendeleza mjadala huo, wakihoji mantiki ya kufundisha kwa lugha ambayo mwalimu na mwanafunzi hawaimudu. Mjadala haukufungwa, lakini matokeo yake yamedumu hadi leo: mwanafunzi wa Njombe anafika chuo kikuu akiwa tayari amebeba lugha moja ya kigeni ya kitaaluma ambayo hakuna anayeiita hivyo. Kila somo la sheria, biashara au sayansi ni somo la Kiingereza mahususi lisilo na mwalimu wa Kiingereza.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na kikaanza kutoa masomo katikati ya muongo huo kwa vitabu vilivyochapishwa na vituo vya mikoa. Kwa mwalimu wa shule ya msingi au mtumishi wa halmashauri aliyeko Njombe, chuo hicho kilifungua mlango ambao vyuo vya bweni vilikuwa vimeufunga. Aliweza kusoma bila kuacha kazi wala shamba. Lakini kituo cha mkoa kilikuwa zaidi ya mahali pa kuchukulia vitabu na kufanyia mitihani. Hapo ndipo wanafunzi walipokutana, wakaelezana na kutiana moyo. Masomo yalipohamia hatua kwa hatua kwenye mfumo wa Moodle na vipindi vya video, safari zilipungua. Na mikutano ile nayo ikapungua.

6.0 Mkongo, Janga na Soko Jipya

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Katika kipindi hichohicho ulijengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa ushirikiano na kampuni ya Kichina. Njia ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden na kukamilika mwaka 2018, iliimarisha umeme wa ukanda wote. Miundombinu miwili inayohitajika kwa masomo ya mtandaoni, nyuzi za mawasiliano na umeme, ilifika karibu kwa wakati mmoja.

Upande wa lugha, Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Hakuna iliyofunguliwa Nyanda za Juu Kusini. Mwanafunzi wa Makambako, anayeishi kando ya reli iliyojengwa na Wachina, alilazimika kutafuta Kichina Dodoma, Dar es Salaam au kwenye simu yake. Vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo, ulimwengu wote ulikuwa umeharakisha ufundishaji wa mtandaoni. Hata mtihani wa kimataifa wa Kichina, HSK, ulianza kufanyika ukiwa nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika historia ya eneo hili, lugha ya kigeni ya kitaaluma ilipatikana bila kusafiri.

Sababu za kuitaka nazo ziliongezeka. Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana kuhusu masharti ya kuingiza parachichi la Tanzania katika soko la China, na Njombe ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo. Mwaka 2024 mjini Beijing, marais wa nchi tatu walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa kampuni ya Kichina kuikarabati na kuiendesha kwa miongo mitatu.

Mfano wa parachichi unafafanua vizuri maana ya lugha mahususi. Programu za kawaida za kujifunza Kichina humfundisha mwanafunzi kuwa parachichi ni *niuyouguo*, yaani tunda la siagi, neno la sokoni na la mgahawani. Nyaraka za forodha na karantini ya mimea hutumia *eli*, neno linalomaanisha pea la mamba. Mhitimu wa kilimo aliyejifunza Kichina kwenye simu anaweza kuagiza kinywaji cha parachichi Shanghai, lakini asiitambue bidhaa ya mkoa wake katika waraka unaoamua kama kontena litapokelewa au litarudishwa. Tofauti ya neno moja ni tofauti kati ya lugha ya jumla na lugha ya kazi. Masomo mengi yanayopatikana bure mtandaoni ni ya aina ya kwanza, ilhali mahitaji ya Njombe na Makambako ni ya aina ya pili.

7.0 Mjadala: Hesabu ya Mwanafunzi

Kwa kuunganisha vipindi vilivyoelezwa, safari ya mzigo wa lugha inaonekana wazi. Wakati wa misheni, mgeni ndiye aliyejifunza. Wakati wa utawala wa Kiingereza, mwenyeji alijifunza na akalipwa kwa cheo. Wakati wa reli, walio wengi walifundishwa kwa vitendo na wachache wakapelekwa ng'ambo kwa gharama ya taasisi. Wakati wa mtandao, mwanafunzi anajifunza peke yake, kwa bando lake, usiku baada ya kazi, bila ahadi ya ajira. Teknolojia imepunguza safari, lakini imemkabidhi mtu mmoja mzigo ambao hapo awali ulibebwa na wengi.

Kutokana na usuli huu, mitazamo mitatu inaweza kubainishwa. Wa kwanza ni kuithamini lugha, na chimbuko lake ni uzoefu wa ofisi na kiwanda. Huu ni mtazamo chanya na wa kudumu, na ndio unaomfanya mwanafunzi aanze. Wa pili ni kuitilia shaka, na chimbuko lake ni reli. Mwanafunzi haulizi tu kama lugha ina manufaa. Anauliza manufaa hayo yatadumu kwa muda gani. Wa tatu ni uchovu wa mzigo. Masomo mengi ya Kichina yaliyoko mtandaoni hufafanuliwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi anajifunza lugha ya tatu kwa kupitia ya pili ambayo bado inamshinda. Toni nne za Kichina, zinazohitaji sikio la mwalimu kuzisahihisha, zinajifunzwa kwa sauti inayokatikakatika kila mtandao unapolegea.

Katika modeli ya Davis, mambo haya yangegawanywa katika manufaa na urahisi. Historia inaongeza kipimo cha tatu, nacho ni imani kwamba taasisi itakuwepo upande wa pili wa masomo. Kipimo hicho hakionekani katika hojaji inayouliza kuhusu kifaa na kasi. Mwanafunzi anayejibu kuwa anapenda kujifunza mtandaoni na baadaye akaacha hajajipinga. Amejibu swali aliloulizwa, kisha akatenda kwa kufuata swali ambalo hakuulizwa.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa leo, aliyezaliwa miongo kadhaa baada ya reli kukabidhiwa, hana kumbukumbu ya mambo haya. Ni kweli kwamba hayakumbuki, lakini anaishi ndani yake. Mji wa Makambako umeota kandokando ya stesheni na barabara, na kupanda na kushuka kwa reli kumeonekana katika maisha ya familia za waliofanya kazi humo. Uzoefu wa kizazi kimoja hurithiwa kama ushauri wa kizazi kinachofuata, hata pale tarehe zinaposahaulika. Pingamizi ya pili ni kwamba programu za tafsiri zitaondoa haja ya kujifunza. Programu hizo zinasaidia katika mazungumzo ya jumla. Lakini mfano wa *eli* na *niuyouguo* unaonesha kuwa katika waraka wa kitaaluma lazima awepo mtu wa kujua tafsiri ilipokosea, na mtu huyo hana budi kuijua lugha. Bila yeye, fundi wa karakana na mkulima wa parachichi wanarudi walipokuwa mwaka 1971: kutazama mkono wa mwenzao na kuurudia, bila kusoma kitabu.

Ulinganisho wa kundi la mwaka 1972 na mwanafunzi wa mtandao haukusudii kusema kuwa kila mtu apelekwe Beijing. Njia ile ilikuwa ghali na iliwafikia wachache, ilhali mtandao unaweza kuwafikia wengi. Lakini njia ya zamani ilikuwa na viungo vitatu vinavyoweza kuhamishiwa kwenye ya sasa: lengo la kazi lililotajwa tangu mwanzo, muda wa lugha uliotengwa ndani ya masomo badala ya kuongezwa juu yake, na mwajiri aliyejulikana. Kampeni ya Mtu ni Afya inaongeza kiungo cha nne, yaani kikundi. Kituo cha mkoa cha chuo kikuu huria, ukumbi wa halmashauri au darasa la sekondari lisilotumika jioni vinaweza kuwa mahali pa wanafunzi kumi kusikiliza kipindi kimoja cha mtandaoni wakiwa na kiongozi mmoja, kwa bando moja, huku maelezo yakitolewa kwa Kiswahili.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa mitazamo ya wanafunzi wa Njombe na Makambako kuhusu kujifunza lugha za kigeni za kitaaluma mtandaoni ina historia ndefu kuliko mtandao wenyewe. Kuithamini lugha kumetokana na ofisi, kuitilia shaka kumetokana na reli, na uchovu umetokana na mzigo uliohamishiwa kwa mtu mmoja. Mtafiti anayepima mitazamo hii bila kuuliza nani anabeba mzigo atapata takwimu sahihi na maelezo pungufu. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo za hojaji ziingize swali la imani kwa taasisi, na kwamba masimulizi ya waliosomea reli nchini China yakusanywe mapema, kwa kuwa waliokuwa vijana mwaka 1972 sasa ni wazee.

Suala hili lina uzito zaidi ya ukumbi wa mtihani. Reli inayopita Makambako imeingia katika kipindi kipya kitakachodumu miongo mitatu. Katika muda huo vitabu vya matengenezo vitaandikwa, mikataba itafasiriwa na vipuri vitaagizwa. Swali la nani ataweza kuvisoma halitajibiwa na kasi ya intaneti pekee. Litajibiwa na uamuzi wa taasisi wa kuubeba, au kutoubeba, mzigo wa lugha pamoja na mwanafunzi.